Kuweka Mali Nje ya Jengo la Biashara au Kiwanda: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kupanga Rundo la Kwanza

Maswali ni yale yale kila mara. "Kiwanja ni changu, nani atanizuia kurundika mbao nyuma ya jengo?" "Eneo hili ni la viwanda, kibali cha nini tena?" "Kontena si jengo, au vipi?" Majibu kwa ufupi: kiwanja kuwa chako hakutoshi, eneo kuwa la viwanda hakutoshi, na kontena, mbele ya mamlaka nyingi za upangaji wa matumizi ya ardhi, ni jengo kama majengo mengine.

Kinachowaponyoka wengi ni hiki: kuweka mali nje huhesabiwa kuwa matumizi ya ardhi yanayojitegemea. Kanuni zinaweza kukuruhusu kuendesha karakana ya kuchomelea vyuma, kisha zikakukataza kulaza vyuma hivyo uwanjani. Ruhusa ya shughuli iliyo ndani ya jengo haitoki nje ya mlango yenyewe. Ukilishika hilo, hatua zinazofuata zitaeleweka bila shida.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka, karakana, ghala au kiwanda anayetaka kutumia uwanja wake kuweka bidhaa, malighafi, vifaa au magari ya kazi. Vipimo nitakavyovitaja vimetoka kwenye kanuni zinazojulikana mahali fulani, na nitasema ni wapi. Vitakusaidia kujua ukubwa wa jambo. Vya kwako utavipata katika kanuni za mamlaka inayosimamia kiwanja chako.

Uwe na hivi mkononi

- Hati ya kiwanja au mkataba wa pango. Kama wewe ni mpangaji, tafuta idhini ya mwenye kiwanja kwa maandishi. Taarifa ya ukiukaji mara nyingi huandikwa kwa jina lake, na akiipokea bila kujua chochote, wa kwanza kubanwa utakuwa wewe.
- Ramani ya upimaji inayoonyesha mipaka na vigingi. Fensi si mpaka. Fensi nyingi zimejengwa mahali palipomfaa fundi.
- Ramani ya mipango ya eneo pamoja na kanuni zake, toleo linalotumika sasa, na marekebisho yake yote.
- Vibali vyote vya zamani vya kiwanja, vikiwemo vya wamiliki waliotangulia. Humo ndimo masharti hujificha.
- Orodha ya mali utakayoweka nje: aina, kiasi, kimo cha rundo, na kama inaungua, inavuja, inatoa vumbi au inanuka.
- Utepe wa kupimia, rangi ya kupulizia chini, na picha za kiwanja zilizopigwa kutoka nje kila upande.

Katika orodha ya mali andika kiasi cha juu kabisa unachotarajia kuwa nacho, usiandike wastani. Mkaguzi hatakuja siku ya wastani. Atakuja siku shehena mbili zimeshushwa kwa pamoja.

Hatua ya 1: Tambua ukanda wa kiwanja chako, na wa jirani yako

Kila kiwanja kimewekwa kwenye ukanda fulani wa matumizi: makazi, biashara, viwanda vyepesi, viwanda vizito, mchanganyiko. Tafuta cha kwako kwenye ramani, kisha usiishie hapo.

Kwanza, angalia kama kuna masharti ya ziada yaliyolazwa juu ya ukanda huo. Bonde la mafuriko, kingo za mto, eneo la chanzo cha maji ya kunywa, njia ya nyaya za umeme wa msongo mkubwa, mazingira ya uwanja wa ndege, mtaa wa majengo ya kale: kila kimojawapo kinaweza kufuta ruhusa ambayo ukanda wenyewe unakupa.

Pili, angalia viwanja vinavyopakana na chako viko ukanda gani. Kiwanja cha viwanda kilichozungukwa na viwanda hupewa nafasi ya kupumua. Kiwanja hicho hicho kikipakana na nyumba za watu upande mmoja tu, upande huo hudaiwa umbali mkubwa zaidi, uzio mrefu zaidi, miti, na wakati mwingine saa maalumu za kupakia na kushusha. Wengi husoma kurasa za ukanda wao wasisome za jirani, na mara nyingi ni hapo mradi unapokwama.

Hatua ya 2: Jua mali yako inaitwaje kikanuni

Hii ndiyo hatua inayobeba mambo yote, kwa hiyo usiikimbie. Kanuni hazitazami rundo na kuliona rundo tu. Zinaligawa katika mafungu, na kila fungu lina masharti yake.

*Bidhaa zinazoonyeshwa ili ziuzwe.* Magari kwenye yadi ya mauzo, miche, matangi ya maji yaliyopangwa mbele ya duka. Hapa mteja anatembea, anashika, ananunua. Fungu hili mara nyingi huruhusiwa hata kwenye ukanda wa biashara, na haliambiwi lifichwe, kwa sababu shabaha yake ni kuonekana. Ila huwekewa mipaka ya eneo, na pengine bidhaa kulazimika kuingizwa ndani duka likifungwa.

*Akiba.* Malighafi, mizigo inayosubiri kusafirishwa, vifaa vya kazi, paleti. Mteja hana shughuli navyo. Hili ndilo fungu linaloambiwa likae nyuma au ubavuni mwa jengo, lizibwe lisionekane, lisivuke kimo fulani.

*Magari ya kazi.* Malori na matrela yanayotoka na kurudi huhesabiwa kama maegesho. Trela lililosimama mahali pamoja miezi kadhaa, limejaa bidhaa na tairi zimeshuka, si gari tena. Ni ghala lenye magurudumu, na mkaguzi mzoefu hulitambua akiwa bado barabarani.

*Vilivyochakaa.* Chuma chakavu, magari mabovu, mashine zilizokufa. Fungu hili lina kanuni kali kuliko yote, na baadhi ya mamlaka huhitaji idadi ndogo tu ya magari yasiyotembea ili yadi yako ihesabiwe kuwa ya vyuma chakavu. Ukiwa na karakana ya magari, hatari yako kubwa iko hapa.

*Vinavyoweza kudhuru.* Mafuta, kemikali, silinda za gesi, mbolea za aina fulani. Hivi huongozwa na sheria zake zenyewe juu ya zile za matumizi ya ardhi, na hutaishia kwa afisa mipango peke yake.

Baada ya fungu, jiulize swali la pili: je, kuweka mali nje ndiyo kazi kuu ya kiwanja, au kunasaidia kazi nyingine? Kiwanda cha matofali chenye marundo ya matofali uani kina matumizi makuu (kutengeneza) na matumizi tanzu (kuweka). Kiwanja kitupu kilichojaa mabomba, kibanda cha mlinzi kikiwa langoni, ni yadi, na kuweka ndiyo kazi yake kuu. Kanda nyingi zinazokubali kuweka nje kama matumizi tanzu huyakataa yakiwa makuu. Tena matumizi tanzu hupewa kikomo, mara nyingi kama sehemu ya eneo la jengo au la kiwanja. Rundo likizidi jengo linalolisaidia, hoja ya utanzu inakuwa ngumu kuitetea.

> Onyo: Usiite akiba "maonyesho" ili ukwepe uzio. Paleti zilizofungwa nailoni, hazina bei wala njia ya mteja kupita, hazimdanganyi mtu.

Hatua ya 3: Tafuta neno lililo mbele ya matumizi yako

Kanuni nyingi zina jedwali la matumizi: kanda zikiwa juu, matumizi yakiwa pembeni. Tafuta mstari wa kuhifadhi nje, usome kisanduku cha ukanda wako. Utakuta mojawapo ya hali tatu.

Inaruhusiwa moja kwa moja: timiza vipimo, wasilisha mchoro kama unatakiwa, endelea.

Inaruhusiwa kwa masharti: lazima uombe kibali, majirani hujulishwa, pengine kuna kikao cha hadhara. Mamlaka inaweza kukubali na kukuwekea masharti yake, kama vile saa za kazi, kimo, aina ya mali au muda wa kibali. Masharti hayo ni sehemu ya kibali. Ukiyavunja, umevunja kibali chenyewe.

Hairuhusiwi: hapa una njia tatu tu za haki, yaani kuomba matumizi ya ardhi yabadilishwe, kuhamishia mali ndani ya jengo, au kutafuta kiwanja kingine. Kulegezewa kanuni mara nyingi hakukusaidii hapa. Kwa kawaida ulegezaji hutolewa kwa vipimo, kama mita kadhaa za umbali au kimo cha uzio, pale ambapo umbo la ardhi yenyewe linakubana. "Nitapata hasara" si umbo la ardhi.

Na kama mstari wa kuhifadhi nje haumo kabisa kwenye jedwali? Usishangilie. Mahali pengi, kisichotajwa kimekatazwa. Andika barua kuomba tafsiri rasmi, na usubiri jibu la maandishi. Neno la mdomo la afisa kaunta, hata akiwa mwema kiasi gani, halitakusaidia akishahamishwa kituo.

Hatua ya 4: Chora kiwanja kwa vipimo

Si lazima mchoro uwe wa mhandisi mwanzoni, japo baadhi ya mamlaka watautaka mwishoni. Tumia skeli moja, weka mshale wa kaskazini, kisha onyesha: mipaka, majengo, milango ya dharura, lango, njia za malori, maegesho, mitaro, visima na mashimo ya maji taka, nyaya za juu, mabomba ya chini, vichwa vya maji ya zimamoto, na miti uliyotakiwa kuipanda katika kibali cha awali.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho uwanja wako halisi. Mara nyingi ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Maegesho ndiyo huwaliza watu. Jengo lako liliidhinishwa likiwa na idadi fulani ya nafasi za magari. Nafasi hizo si akiba ya uwanja, hata kama nusu yake hukaa tupu mwaka mzima. Ukiweka kontena juu ya nafasi nne za lazima umefanya makosa mawili kwa pamoja: umeweka mali pasiporuhusiwa, na umepunguza maegesho chini ya kiwango. Kama kweli nafasi zimezidi, omba zipunguzwe kwanza.

Hatua ya 5: Acha umbali unaotakiwa

Kuna umbali wa aina nyingi, na unaoshinda ni mkubwa kuliko yote.

Kuna wa mbele, kutoka barabarani. Mahali pengi hairuhusiwi kabisa kuweka akiba kati ya jengo na barabara. Kiwanja cha kona kina mbele mbili, jambo ambalo wenye viwanja vya kona hupenda kulisahau. Kona hiyo hiyo ina eneo la pembetatu linalotakiwa kuwa wazi ili madereva waonane. Usiweke uzio mrefu wala rundo hapo, hata kama mita za mpakani umezitimiza.

Kuna wa ubavuni na nyuma, ambao huongezeka jirani akiwa ni makazi. Na kuna wa zimamoto, ambao hautegemei ukanda. International Fire Code, mkusanyiko wa kanuni unaotumiwa kama msingi na majimbo mengi ya Marekani, unataka mali inayoungua ikae angalau futi 10 (kama mita 3) kutoka mpaka wa kiwanja. Umbali huo unaweza kushuka hadi futi 3 (kama sentimita 90) iwapo rundo halizidi futi 6 (kama mita 1.8) kwenda juu. Ona mantiki yake: ukitaka kusogea mpakani, shusha rundo.

Pima kutoka kwenye kigingi, usipime kutoka ukutani. Na pima hadi ukingo wa rundo lililojaa. Mchanga na kokoto hutambaa kadiri vinavyomwagwa. Rundo lisilo na ukuta wa kulizuia litakuwa limevuka mstari kabla ya mwezi kwisha.

Hatua ya 6: Kimo na uzio

Watu hujenga uzio kwanza, kisha wanagundua kwamba hauzibi kitu. Fanya hesabu kabla hujanunua tofali.

Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59. Lile refu lina mita 2.9. Ukipandisha mawili ya kawaida umefika mita 5.18. Sasa fikiria uzio wa mita 2.4. Mtu aliyesimama barabarani, macho yake yakiwa mita 1.6 kutoka ardhini, umbali wa mita 20 kutoka kwenye uzio, mstari wa macho yake unapanda sentimita 80 hadi kufika juu ya uzio, yaani sentimita 4 kwa kila mita. Ukiweka kontena mita 5 nyuma ya uzio, mstari huo utakuwa umefika mita 2.6. Kontena la kawaida limefichika, kwa kubahatisha. Lile refu litachungulia. Lisogeze hadi mita 15 nyuma ya uzio na mstari unafika mita 3. Sasa hata refu halionekani. Mawili yaliyopandana hayatafichika kwa uzio huo popote kwenye kiwanja cha kawaida.

Rudia hesabu kwa mtazamaji aliye mbali zaidi, kwa sababu kadiri anavyorudi nyuma ndivyo mstari wa macho unavyolala na kufichua zaidi. Kama ng'ambo ya barabara kuna ghorofa, hakuna uzio utakaokuokoa. Huko tumia miti, paa jepesi, au shusha kimo cha rundo.

Uzio wenyewe: soma kanuni zinataka uzibe kwa kiasi gani. Wavu wa waya mtupu haukubaliki kama kizuizi cha macho mahali pengi, na turubai lililofungwa juu ya wavu hukubalika mara chache. Kwa maoni yangu turubai ni fedha ya kutupa. Jua hulila, upepo hulichana, na uzio uliochanika unatangaza yadi yako kuliko kutokuwa na uzio. Ukuta, bati lililopakwa rangi, mbao zilizobanana au ua wa mimea uliokomaa vinadumu. Miche ya sentimita 40 si kizuizi leo. Kama unategemea mimea, uliza mamlaka inataka kimo gani na ndani ya muda gani, na weka kizuizi cha muda wakati inakua.

Kimo cha rundo nacho kina kikomo chake. Mahali pengi kanuni husema mali isizidi kimo cha uzio, angalau karibu na mpaka. Mkusanyiko wa kanuni za moto niliotaja unaweka kikomo cha futi 20 (kama mita 6) kwa mali inayoungua iliyo nje. Chukua kilicho kidogo.

Hatua ya 7: Moto

Gari la zimamoto lazima lifike. Vipimo vya International Fire Code ni njia yenye upana usiopungua futi 20 (mita 6.1), na nafasi ya juu ya futi 13 na inchi 6 (mita 4.1). Njia isiyo na kutokea ikizidi futi 150 (kama mita 46) inatakiwa kuwa na mahali pa kugeuzia. Chora njia hiyo kwanza, kisha panga mali kuizunguka. Ukifanya kinyume, njia ndiyo itakayoliwa kidogo kidogo, paleti moja baada ya nyingine.

Gawa marundo makubwa kuwa madogo yenye mianya kati yake. Tairi zina sheria ya peke yake, na kuna sababu. Februari 1990, huko Hagersville, Ontario, Kanada, mamilioni ya tairi yaliyorundikwa nje yaliwaka kwa siku 17, na tairi zikiungua hutoa mafuta yanayoingia ardhini na kwenye maji. Katika mkusanyiko huo huo wa kanuni, rundo moja la tairi nje halitakiwi kuzidi futi za mraba 5,000 (kama mita za mraba 465) wala futi 10 (kama mita 3) kwenda juu.

Usizibe milango ya dharura, vichwa vya maji wala madirisha ya jengo. Paleti za mbao zilizoegemezwa ukutani ndizo ngazi ya moto kupandia paani, na bahati mbaya ndiko kila mtu anakoziegemeza.

Hatua ya 8: Sakafu na maji

Wengi hupita hapa mbio, na hapa ndipo gharama hujificha. Mali nzito na foklifti hugeuza udongo kuwa tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua, na vyote viwili vina jirani wa kulalamika. Kanuni huweza kutaka zege, lami, au kokoto zilizoshindiliwa. Uliza kabla ya kumwaga: kokoto hukubaliwa kwenye yadi fulani na kukataliwa kwenye njia ya malori.

Lakini ukishaweka zege, maji yanatafuta pa kwenda. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Yadi ya mita za mraba 2,000 ikipata mvua ya milimita 30 inapokea lita 60,000, ambazo zamani ardhi ilizinywa kwa sehemu. Sasa zinaelekea kwa jirani au kwenye mtaro wa barabara, zikibeba kutu, mafuta na vumbi la mali yako. Onyesha kwenye mchoro mteremko unaelekea wapi, maji yanakusanyika wapi, na yanachujwaje kabla ya kutoka.

Kwa mafuta na kemikali, weka bwawa la kuzuia umwagikaji chini na kandokando ya chombo. Kanuni za Uingereza kwa vyombo vya mafuta vinavyozidi lita 200 zinataka bwawa libebe asilimia 110 ya ujazo wa chombo. Ni kipimo kizuri cha kuanzia popote ulipo. Liezekee paa, au utajikuta na bwawa lililojaa maji ya mvua siku mafuta yanapomwagika.

Hatua ya 9: Omba, kwa mpangilio huu

1. Omba mkutano wa awali na afisa mipango, ukiwa na mchoro wa penseli. Muulize afisa mmoja maswali yote mara moja, kisha mtumie muhtasari wa mlichokubaliana kwa maandishi.
2. Pitisha mchoro kwa zimamoto kabla ya kuuwasilisha rasmi. Njia ya gari la zimamoto ikibadilika, kila kitu kwenye mchoro kinahama.
3. Zungumza na majirani kabla hawajapata barua ya mamlaka. Jirani aliyesikia kwako kwanza hupinga kwa sauti ndogo.
4. Wasilisha fomu, mchoro wa mwisho, orodha ya mali, picha, hati na ada.
5. Uliza kama kontena, rafu za chuma, paa jepesi na uzio vinahitaji vibali vya ujenzi vya peke yake. Mara nyingi vinahitaji.
6. Usiweke mali yoyote kabla ya kibali, hata "kwa muda tu". Kuomba ukiwa tayari umevunja kanuni kunamfanya mwombaji aonekane mshtakiwa.

Hatua ya 10: Hamishia mchoro ardhini

Kibali kikitoka, pulizia rangi kwenye mipaka ya eneo lililoidhinishwa na kwenye njia ya zimamoto. Andika kimo cha juu kwenye nguzo, mstari mwekundu unaoonekana na dereva wa foklifti, maana yeye ndiye atakayevunja au kulinda kibali chako. Weka nakala ya kibali na mchoro ofisini, si nyumbani kwa mkurugenzi. Piga picha za yadi kila mwezi kutoka sehemu zile zile. Siku jirani akidai kwamba rundo limekuwa likizidi tangu mwanzo, picha ndizo zitakazokujibia.

Mambo yakikwama

*Umepata taarifa ya ukiukaji.* Soma kifungu kilichotajwa na tarehe ya mwisho. Jibu kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo hata kama hujamaliza kurekebisha, ukieleza utafanya nini na lini. Mamlaka nyingi huongeza muda kwa anayeonyesha hatua, na hazimwongezi aliyenyamaza. Ukiamini wamekosea, kata rufaa ndani ya muda uliowekwa. Muda huo huwa mfupi.

*Yadi ilikuwapo kabla ya kanuni kubadilika.* Huenda unalindwa, kwa kuwa mahali pengi matumizi halali ya zamani huruhusiwa kuendelea. Ulinzi huo una mipaka: hauruhusu kupanua, na unaweza kupotea ukiacha kutumia yadi kwa muda uliotajwa kwenye kanuni. Kusanya ushahidi wa tarehe: leseni za zamani, picha za angani, stakabadhi, risiti za mizigo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwako.

*Umenunua kiwanja, mwenye awali aliweka mali bila kibali.* Ukiukaji hukaa na ardhi. Usiamini "hapa pamekuwa hivi miaka yote". Ikiwa bado hujalipa, andika kwenye mkataba kwamba kuondolewa kwa ukiukaji huo ni sharti la ununuzi.

*Ombi limekataliwa.* Omba sababu kwa maandishi. Ikiwa ni kimo au mwonekano, chora upya kwa rundo fupi na mali iliyosogezwa nyuma. Ikiwa ni aina ya mali, punguza orodha. Ombi la mabomba na vyuma pekee hupita mahali ambapo ombi la "vifaa mbalimbali" halipiti, kwa sababu hakuna anayejua "mbalimbali" itazaa nini.

*Jirani analalamikia vumbi au kelele, ingawa umetimiza vipimo vyote.* Vipimo vya kanda havikukingi na sheria za kero. Mwagia maji njia ya malori wakati wa kiangazi, sogeza eneo la kushushia mbali na upande wake, na punguza saa za foklifti asubuhi na mapema. Andika hatua ulizochukua na tarehe zake.

*Msimu umeleta shehena kubwa kuliko eneo lililoidhinishwa.* Uliza kuhusu kibali cha muda kabla shehena haijafika. Mamlaka nyingi zinacho, chenye tarehe ya kuanza na kuisha. Kisipokuwapo, kodi nafasi kwenye ghala la mtu mwingine kwa wiki hizo.

*Uzio umeanguka kwa upepo.* Piga picha siku hiyo hiyo, mjulishe afisa kwa barua pepe, na usogeze mali nyuma ya jengo mpaka ujengwe tena. Uzio ulikuwa sharti la kibali, kwa hiyo bila uzio huna ruhusa ya rundo lililokuwa nyuma yake.